Darasa moja la judo kwa watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu: nianzie wapi?

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, na kwa miaka sita niliyoishi Unguja nilijifunza judo, mchezo wa Kijapani wa kukamatana na kuangushana, mpaka nikafikia mkanda wa kahawia, daraja lililo chini ya mkanda mweusi. Nimeruhusiwa kuutumia uwanja wa skuli kila Jumamosi asubuhi, na Jumapili baada ya watoto kutoka chuo cha Kurani, ili niwafundishe watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili. Waliojiandikisha ni 24. Miongoni mwao yumo mtoto kiziwi, mwengine ana uoni hafifu, wa tatu ana mtindio wa ubongo uliomkaza mkono na mguu wa kushoto, wa nne ana usonji na hapendi kabisa kuguswa, na wa tano ni binti mwenye hali ya Down, ambaye ndiye anayefika uwanjani kabla ya wote.

Walimu wenzangu wawili wamenishauri, kwa nia njema, niwaweke hao watano pembeni wawe wanahesabu pointi, au niwatengee siku yao peke yao. Moyo wangu umeyakataa yote mawili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 30 kwamba watoto hawa wana haki ya kushiriki michezo sawa na watoto wengine, ikiwemo michezo ya skuli. Haki hiyo ninaijua. Ninachokitafuta ni namna ya kuitekeleza uwanjani nikiwa mkufunzi mmoja, bila magodoro ya judo, na bila ya kumuumiza mtoto wa mtu. Naomba aliyewahi kulifundisha darasa la aina hii anieleze alianza na nini, na alichelea nini.

Mkufunzi wa Jang'ombe

Wa alaykumu salaam, mwalimu. Nimefundisha watoto wa aina hii kwa miaka mingi hapa mjini, na kosa langu la mwanzo lilikuwa ni kupanga somo kwa ajili ya watoto wengi, kisha nikalipunguza kwa ajili ya mmoja mmoja. Mtoto hutambua mara moja kwamba amepewa kipande kilichobakia. Siku hizi ninafanya kinyume chake: lile linalohitajika na mtoto mmoja ninalifanya kuwa kanuni ya darasa zima, na mara nyingi sana nimeona kwamba darasa zima linafundika vizuri zaidi.

Nikupe mfano wa mtoto wako mwenye uoni hafifu. Judo ya watu wasioona iliingia katika Paralimpiki mwaka 1988 kule Seoul, na tofauti yake kubwa na judo ya kawaida ni kwamba wachezaji huanza wakiwa tayari wameshikana nguo, na wakiachana mwamuzi husimamisha mchezo na kuwarudisha kwenye mshiko. Basi waanzishe watoto wote 24 wakiwa wameshikana. Hakuna atakayejua kwamba kanuni hiyo umeiweka kwa ajili ya nani, na wale wanaoona wataacha ile tabia ya kurukiana na kuvutana mikono kwa papara, ambayo kwa wanaoanza ndiyo inayovunja vidole.

Mtoto kiziwi, na yeyote asiyeweza kusema vizuri, judo imeshamwekea lugha yake. Anayetaka kuachiwa hupiga kwa kiganja mara mbili au zaidi, juu ya mwili wa mwenzake au chini, na mwenzake analazimika kumwachia papo hapo. Ifundishe ishara hiyo siku ya kwanza kabla ya jambo jengine lolote, na usimruhusu mtoto yeyote kuishika nguo ya mwenzake mpaka uone kwamba anaiheshimu. Wewe mwenyewe simama pahala ambapo jua linakupiga usoni, ili mtoto kiziwi auone mdomo na mikono yako vizuri, na kila unapotaka wasimame inua kitambaa cha rangi kali pamoja na kupiga makofi.

Kwa yule asiyependa kuguswa, usimlazimishe kushikwa. Chukua ufito wa mwanzi wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, watoto wawili waushike kila mmoja upande wake, kisha wasukumane na kuvutana polepole, kila mmoja akitafuta pale ambapo mwenzake amepoteza uwiano wa mwili. Jigoro Kano, aliyeianzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alisisitiza kwamba mtu hutolewa kwanza kwenye uwiano wake ndipo huangushwa, na somo hilo linajifunzika kupitia ufito bila ya ngozi kugusana. Sisi tuna watoto waliokua wakitazama kirumbizi, ile ngoma ya kuchezea bakora, wanajua kwamba bakora hufuata mdundo wa ngoma na kwamba mwenzako si adui, kwa hivyo zoezi hili hawalioni geni. Mwanafunzi wangu mmoja alikaa na ufito kwa miezi minne. Siku aliyouachia na kumshika mwenzake ukosi wa nguo alifanya hivyo mwenyewe, wala hakuna aliyemwambia. Jambo jengine kwa mtoto huyo ni mpangilio usiobadilika. Somo lianze na kumalizika kwa namna ile ile kila wiki, na ukikusudia kuwafundisha watoto ule ukelele wa nguvu unaoitwa kiai, mweleze mapema, maana makelele ya ghafla humtesa.

Sasa nije kwenye lile lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kuanguka. Kaa hapo miezi miwili kamili. Kila mtoto huanguka maishani, na mwenye ulemavu wa viungo huanguka zaidi, kwa hivyo hata asipojifunza mtupo hata mmoja, yaani namna ya kumwangusha mwenzake, akijua kuanguka umempa kitu cha kumsaidia barabarani na ngazini kwao. Waanze wakiwa wamelala chali, kidevu wamekibana kifuani ili kisogo kisiguse chini, wakipiga ardhi kwa mikono miwili iliyofunguka kidogo kutoka mbavuni, viganja vikitazama chini. Wakishaweza, waanguke kutoka kwenye kukaa, kisha kuchutama, na kusimama ndiko kwa mwisho kabisa. Wakanye wote wasijikinge kwa kunyoosha mkono nyuma, kwa sababu hivyo ndivyo kifundo cha mkono kinavyovunjika. Mtoto aliyekazwa upande wa kushoto aangukie kulia na apige kwa mkono mmoja. Hilo ni zoezi halali, kwani hata wengine wote watafundishwa kuanguka upande mmoja mmoja.

Kuhusu magodoro, jaza makumbi makavu kwenye magunia, yapange yabanane sana yasiache nafasi ya mguu kuzama, tandika majamvi juu yake, kisha lifunge turubai kwa kulikaza. Ukienda pwani tumia mchanga mkavu wa juu, si ule uliokupwa maji, kwani huo ni mgumu mithili ya sakafu.

Mama wa Mwanakwerekwe

Mwalimu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kuukataa ule ushauri wa kuhesabu pointi. Mwanangu wa kiume ana hali ya Down. Pahala pa kwanza nilipompeleka, ambapo sitapataja, alikaa karibu mwaka mzima akiwagaia wenzake maji, na kila nilipouliza niliambiwa kwamba anafurahi. Ni kweli alikuwa anacheka, lakini usiku alikuwa akifunga kanga yangu kiunoni kama mkanda na kuyafanya peke yake yale aliyokuwa akiyatazama.

Ombi langu ni kwamba uende nyumbani kwao ukazungumze na wazee wake kabla hujaanza. Uliza anakula saa ngapi, anaogopa nini, anasemaje akiumwa. Mwanangu akiumwa hunyamaza tu, na asiyemjua hudhani ametulia. Kwa huyo binti, mruhusu mama yake au dada yake akae karibu na uwanja, na apewe mwenza wa kike. Wazee wengi watamwachia mtoto wao kwa moyo mkunjufu wakiliona hilo.

Mtaalamu wa viungo, Chake Chake

Naongeza machache ya kitabibu. Kwa baadhi ya watu wenye hali ya Down, kano zinazozifunga pingili mbili za juu za shingo huwa legevu, na shingo ikikunjwa kwa nguvu uti wa mgongo unaweza kuumia. Apimwe na daktari kabla ya kuanza, na hata akiruhusiwa asibingirie kichwa mbele, asisimame kwa kichwa, wala asivutwe shingo. Ukiona shingo inamuuma au imeelemea upande, mwendo wake umebadilika, mikono imelegea, au ameanza kujikojolea baada ya kuwa ameacha, msimamishe siku hiyo hiyo na apelekwe hospitali.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo apashwe mwili kwa muda mrefu kuliko wenzake, na viungo vinyooshwe polepole, kwa sababu msuli uliokaza ukivutwa kwa ghafla huzidi kukaza. Waulize wazee wa watoto wote 24 kuhusu kifafa na seli mundu. Mwenye seli mundu anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka, na asiachwe na nguo zilizoloa kwenye upepo.

Mwalimu wa Wete

Nimeyasoma yote zaidi ya mara mbili, na nawashukuru sana. Limebaki moja linalonisumbua: mkanda. Nikimpa binti huyu mkanda wa njano bila ya kufanya mitupo waliyofanya wenzake, nitakuwa nimemheshimu au nimemdanganya?

Mama wa Mwanakwerekwe

Mpe, mwalimu. Wenzake wanajitahidi kwa saa moja, yeye anajitahidi kwa siku nzima.

Mkufunzi wa Jang'ombe

Bi mkubwa, juhudi yake naijua, lakini hapa sikubaliani nawe. Mkanda uliotolewa kwa huruma watoto huutambua, na yeye pia huutambua. Mwalimu, mwandikie kila mtoto mtihani wake mapema, umsomee mbele ya wazee wake, na uwe mgumu kwa kadiri yake: kwa binti huyo, kwa mfano, aanguke salama nyuma na pande zote mbili kutoka kwenye kuchutama, amzuie mwenzake chini kwa sekunde kumi, na amwachie kila anapopigiwa kiganja. Asipoweza, arudie mwezi unaofuata kama wengine wanavyorudia.

Mwalimu wa Wete

Nimekubali, Bi Mkufunzi, na wewe Mama nitakujulisha siku atakapoufanya mtihani huo. Kesho jioni nakwenda kwao kuzungumza na wazee wake kuhusu kumpeleka kwa daktari. Makumbi nimeahidiwa na jirani yangu, magunia ninayo kumi na moja, na Jumamosi hii tutaanza na ishara ya kiganja pamoja na kulala chali.