Ameokoka, na gorogoro lake limegongwa kitako. Afanyeje?

NyarNam: Bwana asifiwe wapendwa. Kuna dada anauza mahindi hapa Kisumu, ameokoka majuzi. Gorogoro lake, lile kopo la kupimia nafaka, limegongwa kitako kuingia ndani ili lijae upesi. Anaambiwa Yesu alishalipa yote, asonge mbele. Ni kweli? Na wale aliowapunja?

Mzee wa Kanisa: Deni la dhambi limelipwa. Mahindi ya watu bado hayajarudi. Soma Walawi 19:36: Mungu anadai efa ya haki na hini ya haki, yaani vipimo vya nafaka na vya vitu vya maji, na sababu anaitoa papo hapo, kwamba yeye ndiye aliyewatoa Misri. Yaani wameshaokolewa, ndipo wanaulizwa habari ya vipimo. Hata Zakayo mtoza ushuru, Yesu alijialika kwake kabla hajaahidi kurudisha hata senti.

Sasa hesabu. Achukue gorogoro zima, alijaze mahindi makavu, asawazishe juu kwa kijiti, kisha ayamimine kwenye lile lake. Yanayobaki ndiyo wizi. Yakiwa sehemu ya kumi, basi kila magorogoro 40 aliyouza yamepunja 4. Walawi 6:5 inaongeza sehemu ya tano juu yake, inakuwa karibu 5. Ile mara nne aliyoahidi Zakayo ni adhabu ya mwizi wa kondoo, Kutoka 22:1. Msimbebeshe dada huyo eti ndiyo toba kamili.

Mama Nafaka: Asijaribu kukigonga kirudi, kitako hakinyooki sawa. Alitoboe kwa msumari apandie sukuma wiki.

Aanze na wateja wa mkopo, majina yamo daftarini. Awapimie nyongeza na awaambie ni deni, si zawadi. Hapo ndipo wengi hukwepa! Wasiojulikana, afuate mfano wa Hesabu 5:8, ambapo malipo ya asiye na jamaa wa kuyapokea huenda kwa Bwana, lakini asipeleke madhabahuni pesa ya mtu anayemjua jina.

Kwa kipimo kizima bei itabidi ipande kidogo, aseme wazi kwa nini.

NyarNam: Asanteni. Kuna lingine la kuangalia?

Mama Nafaka: Unyevu. Mahindi yasiyokauka vizuri huongeza uzito gunia likipimwa kwa mizani, halafu huota ukungu kwa mnunuzi. Atie konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya glasi, atikise, angoje dakika 15. Chumvi ikishika kuta za chupa, ayaanike tena.