Mjamzito wa wiki 33 anawashwa viganja na nyayo

Habari wakuu. Mjamzito anawashwa viganja na nyayo, usiku ndiyo balaa, ila hana vipele. Apime nini?

Jibu: Asidi za nyongo kwenye damu, pamoja na ALT (kimeng'enya kinachoonyesha kama ini limeumia). Nyongo ikikwama kwenye ini huingia kwenye damu. Asidi hizo zikifika maikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda, hivyo mama huzalishwa wiki ya 35 hadi 36. Majibu yakiwa ya kawaida na mwasho unaendelea, arudie vipimo. Mwasho huweza kutangulia kabla asidi hizo hazijapanda.

Jibu: Dawa ya tatizo hili, ursodiyoli, hupunguza mwasho kidogo tu. Haijathibitika kuzuia mtoto kufia tumboni.

Jibu: Apimwe presha pia jamani! Maumivu chini ya mbavu za kulia, kichwa kikali, kuona maluweluwe: hospitali usiku huohuo, chembe sahani (za kugandisha damu) zihesabiwe.