Ontong Java ilijengwa na nini: panashi, dorsali ao eklojiti?

Katindo_Jeo
Salamu kwenu wote. Tunaandaa somo la mwaka wa pili kuhusu nyanda kubwa zilizo chini ya bahari, na maelezo matatu yanagombania nafasi moja. Panashi: manto (tabaka la mawe chini ya ganda la Dunia) yenye moto mkali ilipanda kutoka chini na kuyeyuka kwa wingi. Dorsali: mahali mabamba yanapoachana pametoa bazalti (jiwe jeusi la lava) kupita kawaida. Eklojiti: manto ilichanganyika na mabaki ya ganda la bahari lililozama zamani, ambayo huanza kuyeyuka mapema kuliko peridotiti, jiwe la kawaida la manto. Mfano wetu ni Ontong Java, kaskazini ya Visiwa vya Solomon: karibu kilomita za mraba milioni 2, ganda lenye unene wa kilomita 30 na zaidi, wakati ganda la kawaida la bahari lina kilomita 6 hadi 7. Mngechagua lipi, na kwa kipimo gani?

Ndosho77
Panashi. Anza na kemia. Bazalti ya aina ya Kroenke, iliyochimbwa kwenye safari ya 192 ya meli ya uchimbaji JOIDES Resolution mwaka 2000, ina magnesiamu nyingi. Kuipata kutoka peridotiti kunadai kuyeyusha karibu asilimia 30 ya jiwe, kwa manto yenye nyuzi zaidi ya 1500. Chini ya dorsali ya kawaida ni karibu 1350.

Wanafunzi wa Goma wana bahati: makoro (mitiririko ya lava iliyoganda) ya volkano Nyiragongo yako mlangoni. Ni lava yenye silika chini ya asilimia 40, zao la kuyeyuka kwa asilimia chache tu. Weka uchambuzi wake kando ya ule wa Ontong Java. Potasiamu na elementi zingine zinazokimbilia kwenye uji wa kwanza (jiwe lililoyeyuka) zimejaa upande wa Nyiragongo. Upande wa pili zimezimuliwa. Hapo wataona kiwango cha kuyeyuka bila kukariri.

Ibanda_Seismo
Ndugu Ndosho, kemia nakubali, lakini joto hilo linadai kitu ambacho hakionekani. Manto ya nyuzi 1500 ni nyepesi. Ingeinua uwanda hadi juu ya maji. Sehemu kubwa ya Ontong Java ilimwagika chini ya bahari. Tunajua kwa kupima maji na gesi ya kaboni vilivyobaki ndani ya kioo cha bazalti, yaani lava iliyopoa ghafla: kiasi chake kinafuata mgandamizo, na mgandamizo unakupa kina. Vioo vya visima vingi vya safari ile vinaonyesha zaidi ya mita 1000. Kisima 1184, upande wa mashariki, ndicho chenye majivu ya volkano pamoja na vipande vya mti, ishara kwamba hapo palikuwa na nchi kavu.

Eklojiti inasaidia hapa kwa sababu ni nzito, inavuta uwanda chini. Ila uji wake una chuma na silika zaidi, na haufanani na Kroenke.

Kuhusu kipimo chenyewe: chukua kioo cha ukingo wa lava ya mito (yenye umbo la mto wa kulalia, hutokea chini ya maji). Katikati ya mto lava hupoa polepole, gesi inatoroka, unapata kina kifupi cha uongo. Kioo kilichoanza kugeuka udongo kimekunywa maji ya bahari na kitakudanganya kwa upande mwingine. Tupa.

Himbi_Geofizik
Kwa dorsali, mfano safi ni Shatsky, uwanda mwingine wa bahari mashariki ya Japani. Mlima wake mkubwa, Tamu Massif, ulitangazwa mwaka 2013 kuwa volkano moja kubwa mno. Uchambuzi wa 2019 ukaonyesha mistari ya sumaku (alama za sumaku ya Dunia ikigeuka, zilizoganda ndani ya lava) ikipita ndani yake, maana yake ilijengwa mabamba yakiachana, kwenye makutano ya mabamba matatu.

Ontong Java usiipime hivyo. Ilizaliwa ndani ya kipindi ambacho sumaku ya Dunia haikugeuka, takriban miaka milioni 121 hadi 83 iliyopita. Bila kugeuka hakuna mistari. Mwanafunzi akiandika "hakuna mistari, basi si dorsali", mnyime alama.

Unene nao unakadiriwa kwa mizani ya uzito. Gawa tofauti ya kina, kati ya uwanda na sakafu ya kawaida ya bahari, kwa uzito wa (manto − ganda) ÷ (manto − maji). Chukua tofauti ya kilomita 3, manto 3.3, maji 1.03 (gramu kwa sentimita ya ujazo). Ganda likiwa 2.95 unapata ziada ya kilomita 19.5; liongeze hadi 3.0, ziada inakuwa 22.7. Jumlisha 7 za kawaida: 26.5 ao karibu 30. Badiliko dogo namna hiyo katika uzito limekula kilomita 3, kwa hiyo hesabu hii haitoshi peke yake.

Katindo_Jeo
Aksanti sana. Basi tuweke mawimbi ya tetemeko pembeni yake?

Ibanda_Seismo
Lazima, na kwa mstari mrefu. Ganda la kilomita 33 lenye mwendo wa mawimbi wa kilomita 6.8 kwa sekunde juu ya manto ya 8.1: wimbi la manto linafika la kwanza baada ya kilomita 200 na zaidi. Kwa ganda la kawaida ni chini ya 50. Ukitandaza vipokeo kwa kilomita 100, hutaiona Moho (mpaka wa ganda na manto) kwa wimbi hilo, utabaki kuikisia.

Na hakikisha kwanza ni ganda la bahari. Kerguelen, uwanda wa kusini mwa Bahari ya Hindi, ilitoa mawe ya naisi kwenye kisima 1137, Elan Bank: kipande cha bara kimo ndani. Mwendo wa 6.0 hadi 6.5 kwenye tabaka nene la katikati ukushtue.

Ndosho77
Basi narekebisha jibu langu: panashi chini ya dorsali. Bamba nene hufunika na kukatiza kuyeyuka mapema. Mabamba yakiachana, manto inapanda hadi karibu juu na kuendelea kutoa uji. Joto lilelile, ganda nene zaidi. Ila jambo la kina cha maji alilosema Ibanda bado halijajibiwa na hili, liandikeni hivyo kwenye somo.

Himbi_Geofizik
Ongezeni Malaita kwenye picha za somo. Pale uwanda umegongana na Visiwa vya Solomon, na bazalti yenye unene wa kilomita 3 hadi 4 imejikunja ikatokea nchi kavu. Tabaka zinapimwa kwa miguu na nyundo, bila meli.