Auto ya 4x4: ile M ya kubadili gia mwenyewe inatumika wakati gani hasa?

Tairi_Pana

Wakuu habari zenu. Nina 4x4 gia otomatiki, ukishaweka D (gari inabadili gia yenyewe) unaweza kusukuma livari pembeni ukapata plasi na mainasi unabadili gia mwenyewe. Kwenye lami sijaona kazi yake, D inatosha kabisa. Shida yangu ni nje ya lami. Kwenye vilima vya mawe yaliyolegea nikiwa napanda gia inacheza tu, mbili tatu mbili tatu, nikipunguza mafuta kidogo inapanda, nikiongeza inarudi chini kwa kishindo na tairi zinazunguka bure. Kushuka nako gari inanikimbia nabaki nimeng'ang'ania breki mpaka harufu inaingia ndani. Wapo wanaoniambia kompyuta ya gari ina akili kuliko mimi niiache kwenye D, wengine wanasema ukitoka tu kwenye lami weka M mpaka unarudi. Sasa nishike lipi? Na je nikiitumia vibaya naweza kuua giaboksi?

fundi_wa_gia

Mkuu wote waliokushauri wana ukweli nusu nusu. Giaboksi ya auto inaamua kwa kuangalia spidi, umekanyaga mafuta kiasi gani na injini imebeba mzigo gani. Hizo zote ni habari za pale tairi ilipo sasa hivi. Mita 10 mbele kuna mteremko, au mchanga umelegea, au kuna jiwe linataka upande taratibu, hiyo haijui, wewe ndo unaiona. Kwa hiyo M ni ya pale ambapo unajua kinachokuja na unajua gia ikibadilika katikati itakuharibia. Pengine pote iache D ifanye kazi yake, hasa njia ya kawaida ya vumbi au ya mawe madogo madogo, utajichosha mkono bure.

Ila kabla hata ya M nikuulize, unapopanda hivyo vilima umeweka 4L (tairi zote nne, gia nzito za taratibu) au uko 4H (tairi zote nne, mwendo wa kawaida)? Maana hapo ndo wengi wanapokosea, wanahangaika na gia wakati tatizo liko kwenye livari ya pili, ile ya kuchagua 4H na 4L. 4L inapunguza mwendo inaongeza nguvu, kwenye Prado 150 ni mara 2.57 hivi, Wrangler Rubicon ni mara 4. Ukiwa 4H kwenye mlima mkali unatembea taratibu lakini injini inanguruma, ile tofauti inaishia kwenye toki konveta (kile kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi), oili inakorogwa inachemka. Hicho ndo kinaua giaboksi za auto porini, joto, sio kubadili gia kwa mkono. Weka 4L kwanza halafu ndo tuongelee M.

Kuhusu kuiua kwa M, ngumu. Ukiomba gia ya chini na spidi bado kubwa kompyuta inakataa, gari nyingi zinapiga alamu kabisa. Ukizidisha mzunguko wa injini nyingine zinapanda zenyewe, nyingine zinabaki pale pale injini inakatwa mafuta. Jua yako ni ya aina gani kabla hujaingia kwenye sehemu ngumu, ijaribu sehemu tambarare.

Mchanga_Laini

Naongezea upande wa mchanga kwa sababu huko M naitumia karibu muda wote na nina sababu.

Kwenye mchanga kinachokupitisha ni mwendo usiokatika. Sasa D ina tabia moja mbaya, unapokaribia kileleni mwa tuta unaachia mafuta kidogo ili usiruke upande wa pili, yenyewe inadhani umeshafika kwenye raha inapandisha gia. Nguvu inashuka, gari inazama, unakanyaga, inashusha gia mbili kwa mpigo, tairi zinachimba, umekaa. Ukiwa umeshika gia mwenyewe hilo halitokei, unaachia mafuta injini inabaki kwenye mzunguko ule ule unaoutaka, unakanyaga inaitika hapo hapo.

Ninavyofanya, naondoa upepo kwanza (mimi nashuka mpaka psi 18 hivi, inategemea uzito wa gari na tairi zenyewe, na ukirudi kwenye njia ngumu unajaza kabla hujaanza kukimbia), nikiwa 4H nashika ya pili au ya tatu, nikiwa 4L nashika ya tatu mpaka ya nne, nasikiliza injini isiwe inalia wala isiwe inakoroma. Kama unaona inaanza kuzidiwa shusha MAPEMA, usisubiri mpaka imeshalala. Ukisubiri ukashusha wakati imeshaanza kuzama ule mshtuko ndo unachimba shimo. Na kuondoka sehemu laini jaribu ya pili badala ya ya kwanza, tairi inaanza kuzunguka kwa upole. Angalizo, gari nyingi ukisimama zinarudi ya kwanza zenyewe kwa hiyo angalia dashibodi inasema nini kabla hujakanyaga.

Tope karibu ni yale yale, shika gia moja utoke nayo upande wa pili. Maji pia. Kuvuka mto unataka 4L ya kwanza au ya pili, mwendo wa mtu anayetembea, mafuta yako hapo hapo mwanzo mpaka mwisho, gia isibadilike ukiwa katikati.

Tairi_Pana

Aisee asanteni. Nilikuwa natumia 4H. Sasa kushuka? Mi nina ile ya kubonyeza gari inashuka yenyewe inashika breki kwa kutetemeka, kuna haja ya M tena hapo?

BreakaBreaka

Kushuka ndo sehemu ambayo M inalipa kuliko zote, kama mtu angeniambia niitumie sehemu moja tu maisha yangu yote ningechagua hiyo.

Hiyo ya kubonyeza ilianza kwenye Land Rover Freelander mwaka 1997, na waliiweka kwa sababu ile gari haikuwa na 4L. Inafanya kazi kwa kutumia breki za ABS (zile zinazozuia tairi kujifunga), inabana tairi moja moja, ndo huo mtetemo unaousikia. Ni nzuri sana sehemu fupi kali yenye utelezi kwa sababu inaweza kubana tairi moja na kuachia nyingine, mguu wako hauwezi. Lakini ni breki zile zile! Mteremko mrefu zinapata moto kama kawaida. Maji ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie nyuzi 205 kabla ya kuchemka, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka mpaka 140 hivi. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanaminyika, unakanyaga pedeli inaenda mpaka chini hakuna kitu. Harufu uliyoisikia ni pedi, ni onyo la mapema, ukiisikia tena tafuta sehemu ya kusimama zipoe.

Kwa hiyo 4L, M, gia ya kwanza, uiweke ukiwa BADO JUU umesimama. Sio uanze kushuka ndo ukumbuke, hapo spidi imeshapanda kompyuta itakataa kukupa ya kwanza. Ukishaanza mguu toa kabisa kwenye mafuta, injini inakushikilia, breki unagusa kidogo kidogo pale panapozidi. Usiweke N kabisa, hata sekunde moja, ukiweka N umeikata injini na matairi na hakuna tena kinachokushika zaidi ya breki.

Kuna watu wanabisha kwamba auto haina breki ya injini. Inayo, ila dhaifu kuliko ya gia za mkono kwa sababu ya toki konveta, na dizeli inakuwa dhaifu zaidi kwa sababu nyingi hazibani hewa inayoingia kwenye injini kama za petroli zinavyobana. Ndo maana unahitaji gia nzito (ya chini) zaidi kuliko unavyodhani. D peke yake kwenye gari nyingi inaachia inapanda gia, au haishuki mpaka ya kwanza, ndo hiyo kukimbiwa unakokusema.

Kitu kimoja tu nisisitize, kwenye tope la kuteleza gia ya kwanza ya 4L inaweza kuwa nzito MNO. Tairi zinazunguka taratibu kuliko gari inavyoshuka, unaanza kuserereka kama umefunga breki. Dawa yake inapingana na mwili wako: gusa mafuta kidogo tairi zilingane na mwendo, zikishika achia. Ikiendelea hivyo mteremko wa namna hiyo shuka na ya pili.

Mzee_wa_Livari

Vijana mmeeleza vizuri, ila mwenye swali aangalie dashibodi yake imeandikwa M au S. Kwenye Toyota nyingi ni S, na namba unayoiona pale sio gia uliyomo, ni DARI. S4 maana yake inabadili yenyewe kati ya moja na nne, haivuki nne. Kwa hiyo ukiweka S3 kwenye mchanga bado inaweza kukushushia mpaka ya pili ukikanyaga sana. Watu wananunua gari wanadhani wameshika gia kumbe wamefunga ya juu tu. Kwa kushuka haina shida, S1 ni ya kwanza tu. Kwa kupanda inakutosha pia kwa sababu shida yako ni kupandisha, sio kushusha.

Na wenye livari za zamani za D, 2, L msijione mmeachwa, L na 2 ni kazi hiyo hiyo, na kile kitufe cha O/D ukikizima umefunga gia ya juu.

Mawe makubwa ya kupanda moja moja mimi siko na haja ya M sana. 4L gari itakaa ya kwanza yenyewe kwa ule mwendo, mguu wa breki na wa mafuta ndo unafanya kazi.

Tairi_Pana

Ni S kweli Mzee, nimetoka kuangalia sasa hivi, inaanza na S4. La mwisho, nikiwa napanda nikashindwa katikati nifanyeje? Maana rivasi haina plasi wala mainasi.

fundi_wa_gia

Kanyaga breki kwa nguvu, injini USIIZIME, breki zinategemea injini iwake ndo ziwe nyepesi. Weka R ukiwa 4L, hakikisha tairi za mbele zimenyooka, achia breki taratibu ushuke kinyumenyume kwenye njia ile ile uliyopandia. Rivasi ya 4L ni nzito itakushikilia. Usijaribu kugeuza gari katikati ya mlima, ikikaa ubavu inabiringika. Ukifika chini iache ingurume kwenye P dakika chache oili ya giaboksi ipoe, halafu panda tena 4L ukiwa S2 na mwendo kidogo zaidi tangu chini. Ikizidiwa itashuka ya kwanza yenyewe, muhimu haitapanda ya tatu.