Ndege kongwe za Unguja–Pemba: nyufa zinakaguliwa kwa miaka au kwa idadi ya safari?

Mtu_wa_Mkoani

Assalaam alaykum. Suali kwa mafundi wa ndege humu ndani.

Barazani kwetu mtu akisikia ndege ina miaka 25 anasema hiyo imekwisha, apandaye kajitakia. Mwengine anajibu kuwa ndege haizeeki ilimradi injini zimebadilishwa. Ninachotaka kukijua: agizo la lazima la kutafuta nyufa kwenye bodi na mabawa linaanza ndege ikifika wapi? Miaka, saa za kuruka, au idadi ya safari? Fundi anautafuta ufa vipi khasa? Na hivi vindege vyetu vidogo visivyo na presha, habari hiyo inavihusu?

Naomba mnijibu kwa kina, na si "usijali, ndege ni salama kuliko gari".

---

Ribiti_ya_Nne

Wa alaykum salaam. Barazani kwenu wamekosea wote wawili, ila aliyetaja injini kakosea zaidi. Injini hushushwa, hufunguliwa na hurudi karibu mpya. Bodi ni ile ile tangu siku ya kwanza.

Miaka ni kipimo cha kutu. Uchovu wa metali huhesabiwa kwa mizunguko: kupaa mara moja na kutua mara moja ni mzunguko mmoja, iwe ndege imekwenda London au imevuka mkondo tu kwenda Dar. Ndege yenye presha kila inapopanda hujazwa hewa, bati lake likavutwa, ikishuka, linalegea. Palipo na tundu la ribiti, ule msumari wa kufungia mabati, mvuto huo hujikusanya ukingoni mwa tundu, na ufa huanzia hapo.

Sasa piga hesabu ya visiwani. Ndege inayofanya safari 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inapata mizunguko 3,000. Kila safari ikiwa dakika 20, hizo ni saa 1,000. Ndege ya aina hiyo hiyo kwengineko, inayoruka safari za saa mbili mbili, kwa saa zile zile 1,000 ina mizunguko 500. Saa sawa kitabuni, lakini ya kwetu imevutwa na kulegezwa mara sita zaidi.

Mfano wa kusoma vizuri, kwa sababu unafanana na sisi, ni ule wa Hawaii: visiwa, safari fupi, hewa ya chumvi. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737-200 ya Aloha Airlines ilitoka Hilo kwenda Honolulu. Ikiwa futi 24,000 ilibambuka paa la mbele, kipande cha karibu mita tano na nusu. Mhudumu mmoja alivutwa nje, hakuonekana tena. Marubani wakaishusha Maui. Ilikuwa na miaka 19, saa 35,496 na mizunguko 89,680. Linganisha namba hizo mbili za mwisho: wastani wa safari haufiki dakika 25.

Kilichoachia ni pale mabati mawili yanapopandana. Hapo palikuwa na gundi pamoja na safu tatu za ribiti. Gundi ilipoingiwa na unyevu ikaachia, kutu ikaingia kati, na mzigo wote ukahamia kwenye ribiti. Matundu yake yalichongwa ili kichwa cha ribiti kilale sawa na bati, na kuchonga huko kuliacha ukingo mwembamba kama wembe. Basi hapakuwa na ufa mmoja mkubwa wa kumshtua mtu. Vilikuwa vinyufa vidogo, kila ribiti na chake, vikasogeleana hadi vikaungana kwa mpigo, mfano wa karatasi ya stempu inavyochanika penye vitundu.

Na hapa ndipo suali lako la "lazima" linapogusa. Agizo la kukagua lilikuwapo tangu 1987. Lakini liliwalazimisha watu wakague ungio la fito namba 4 tu (fito ni vile vyuma vyembamba vinavyopita ndani ya bodi kwa urefu), kulia na kushoto, wakati waraka wa mtengenezaji ulitaja maungio mengine pia. Wachunguzi walisema bodi ilianza kuachia kwenye fito namba 10. Agizo lilikuwa sahihi, ila halikufika pale palipokuwa panaoza.

---

Bibi_Kitabu

Niongeze upande wa karatasi kabla hawajaja watu wa vifaa.

Mtengenezaji akiona tatizo hutoa waraka wake wa huduma. Huo peke yake ni ushauri. Unakuwa lazima pale mamlaka ya nchi iliyoidhinisha muundo wa ndege inapoutolea agizo la usalama, ambalo mafundi wote wanaliita AD. Kwa Cessna na Boeing ni FAA ya Marekani, kwa ATR ni EASA ya Ulaya, kwa Dash 8 na Twin Otter ni Kanada. Ndege ikiwa na namba ya 5H, yaani imesajiliwa Tanzania, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya hapa kwetu, ndiyo inayombana mwenye ndege alitekeleze. Agizo likipita muda wake bila kutekelezwa, ndege hairuki, hata iwe inang'aa vipi.

Mfano wa agizo lenyewe linavyosema. Mwaka 2019 zilionekana nyufa kwenye Boeing 737 NG, katika kile kiungo chenye umbo la uma kinachofunga bawa na bodi. FAA ikaamuru: ndege yenye mizunguko 30,000 au zaidi ikaguliwe ndani ya siku 7, yenye 22,600 hadi 29,999 ikaguliwe kabla haijaongeza mizunguko 1,000, baadae kila mizunguko 3,500. Hakuna neno "miaka" hata mahali pamoja.

Kwa nini ukaguzi unarudiwa? Kwa sababu ukaguzi haumalizi uchovu, unatangulia mbele ya ufa tu. Injinia anakokotoa: ufa mdogo kabisa unaoweza kuonekana kwa chombo hiki utachukua mizunguko mingapi hadi uwe wa hatari? Tuseme 6,000. Basi muda wa kurudia hauzidi nusu yake, 3,000, ili fundi akiukosa mara ya kwanza awe na nafasi ya pili. Ndiyo maana kuomba "tuongezewe kidogo tu" si jambo dogo: unaila ile nafasi ya pili.

---

Nuru_ya_Hanga

Suali la "fundi anautafuta vipi". Kwanza macho, na msiyadharau. Tochi kali ilazwe karibu na bati, mwanga upite ubavuni na si wima. Mwanga wa wima unauficha ufa. Kioo cha mkono kwa sehemu za nyuma, na lenzi ya kukuza mara 10 kwa kuhakiki.

Kuna ishara moja hata abiria anaweza kuiona akiwa chini ya bawa: ribiti yenye mkia mweusi au wa kijivu unaoelekea nyuma, kama imevuta sigara. Hiyo ni vumbi la aluminiamu, ribiti imelegea na inasuguana na tundu lake. Mkia huo haumaanishi ufa. Unamaanisha kuwa ribiti haibebi mzigo wake na jirani zake wanaubeba.

Baada ya macho, dawa ya rangi. Kanuni yake ni ile ya zamani ya mafuta ya taa na chokaa: kimiminika kinaingia ufani, unafuta juu, unapaka unga mweupe, nao unakinyonya nje kikachora mstari. Hatua: toa rangi ya ndege kwa dawa ya kutolea rangi, usiikwangue kwa msasa wala kuipiga mchanga, kwani aluminiamu ni laini na inafunika mdomo wa ufa. Safisha mafuta, acha pakauke kabisa. Paka dawa, iache dakika 10 au zaidi kama maelekezo yanavyosema. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa kilicholowanishwa kidogo. Ukimwagia kiyeyushi moja kwa moja umeiosha dawa iliyomo ufani na umejidanganya mwenyewe. Unga upulize mwembamba, subiri dakika 10 nyengine, tazama.

Kosa la huku kwetu ni jua. Dawa nyingi hazifanyi kazi juu ya nyuzi 52, na bati lililokaa uwanjani tangu asubuhi linafika huko mchana. Dawa inakaukia juu, hakuna mstari, fundi anaandika "hakuna ufa". Fanya kivulini, pima joto la bati na si la hewa.

Dawa inaona ufa uliofunguka juu tu. Uliojificha tabaka la pili, au ndani ya tundu la bolti, unataka chombo cha mikondo ya eddy: kalamu yenye koili inayotia mikondo ya umeme ndani ya metali, na ufa ukiikatiza sindano au kioo kinaonesha. Masafa ya juu kwa nyufa za juu, masafa ya chini kwa tabaka la ndani. Kabla ya kugusa ndege unakipima chombo kwenye kipande cha majaribio cha aloi ile ile chenye mkato wa kina kinachojulikana, na unarudia ukimaliza. Kama mwisho hakioni tena ule mkato, kazi yote uliyofanya kati haihesabiki.

Kwa tundu la bolti, bolti inatolewa na kalamu inayozunguka inaingizwa ndani. Hapo uangalifu. Bolti iliyokaza ikigongwa na kukwaruza tundu, umetoka kutafuta ufa na umeuacha mwanzo wa mwengine.

---

Kilimahewa88

Darasa zuri, lakini hayo ni ya Boeing yakhe. Vindege vya kwenda Pemba havina presha, havipandi juu. Hakuna kutanuka wala kusinyaa, sasa uchovu utoke wapi?

---

Ribiti_ya_Nne

Utoke kwenye bawa. Ndege ikiwa chini bawa linaning'inia kwa uzito wake; ikiruka linabeba ndege nzima, upande wake wa chini unavutwa. Hiyo nayo ni kuvuta na kulegeza, kila safari. Ongeza mitikisiko: ndege ndogo inayoruka chini mchana wa jua kali, pale upepo wa bahari unapokutana na joto la nchi kavu, inatikiswa kuliko jeti iliyo futi 35,000.

Mei 2019 karibu na Mount Isa, Australia, Cessna 210 iliyokuwa ikifanya upimaji wa ardhi kwa kuruka chini ilikatika bawa angani, watu wawili waliokuwamo wakafa. Haina presha. Ufa ulianzia kwenye kishimo kidogo cha kutu katika boriti inayopita juu ya kibanda na kuunga bawa la kulia na la kushoto. Agizo la FAA la 2020 likataka boriti hiyo ikaguliwe kwa macho na kwa eddy, kisha ipakwe kinga. Tatizo moja la boriti hiyo ni sponji ya mapambo ya ndani iliyobandikwa juu yake, inayokaa na unyevu. Bila kuibandua hiyo sponji hujakagua kitu.

Hiyo 210 haina mkono wa kushikilia bawa kwa chini. Cessna Caravan linao, kwa hiyo pa kutazama pamehama: maungio ya mkono huo, juu na chini, na boriti ya bawa ilipo karibu nayo.

Na Disemba 2005 Miami, ndege ya baharini aina ya Grumman Mallard ya Chalk's ilikatika bawa la kulia dakika chache baada ya kuruka, wakafa watu 20. Safari fupi za visiwani tena, maji ya chumvi tena, na boriti iliyokuwa imeshatengenezwa kabla bila ufa kumalizwa.

Kutu ya aluminiamu msiitafute kwa wekundu. Ni unga mweupe, au rangi iliyotutumka. Ikikomaa metali inafura tabaka kwa tabaka kama mkate wa kusukuma. Kuosha ndege kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, si urembo, na maji yaingie hadi visima vya magurudumu. Halafu vitundu vya kutolea maji chini ya bodi visizibwe na uchafu, la sivyo umeoga nje na umelala na maji ndani.

---

Bibi_Kitabu

Ribiti katangulia kunisemea la matengenezo ya zamani, maana hilo ndilo linalouwa kimya kimya. Japan Airlines 123, Agosti 12, 1985, wakafa watu 520: mkia uligusa ardhi mwaka 1978, ukuta wa presha wa nyuma ukatengenezwa kwa bamba lililokatwa, mahali fulani safu moja ya ribiti ikawa inabeba kazi ya mbili. China Airlines 611 mwaka 2002, wakafa watu 225: mkia uliguswa 1980, bati jipya likafunikwa juu ya mikwaruzo isiyoondolewa, na ufa ukakua chini ya kiraka kwa miaka 22. Kiraka ukikitazama kwa nje ni kizuri.

Kwa hiyo ndege kongwe ikiletwa, faili ninalolitaka mwanzo ni la viraka: kila kimoja kipo wapi, kwa mchoro gani ulioidhinishwa, na kinakaguliwa kila baada ya mizunguko mingapi. La pili ni orodha ya AD: namba, njia iliyotumika, tarehe, mizunguko ya siku hiyo, lini tena, sahihi na namba ya leseni. Ukikuta "imekaguliwa, sawa" bila kutajwa njia, ihesabu haijakaguliwa.

Mtego mwengine: ndege ndogo nyingi kitabu chao kinaandika saa tu. Anayeinunua anakisia mizunguko kwa kuchukua safari moja kwa saa. Kama imeruka Unguja–Dar, makisio hayo yamepunguza theluthi mbili. Tafuta karatasi za safari za kila siku, hesabu kutua kumoja kumoja. Ni kazi ya wiki, najua.

---

Mtu_wa_Mkoani

Shukran sana. La mwisho: ni kweli ufa ukionekana fundi anatoboa tundu kwenye ncha yake na ndege inaendelea?

---

Nuru_ya_Hanga

Kweli, kwa baadhi ya sehemu. Tundu la mviringo linatawanya mvuto uliokuwa umejikusanya kwenye ncha kali. Lakini ni kwa vifuniko, bati la fearingi (lile la kulainisha umbo la nje tu) na vitu visivyobeba mzigo mkubwa, pale kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo kinaporuhusu, na ni la muda. Ncha ya kweli iko mbele ya unayoiona kwa macho, kwa hiyo itafute kwa dawa au eddy kwanza, vinginevyo umetoboa nyuma ya ufa nao unaendelea na safari zake. Kwenye boriti ya bawa au kiungo chake usitoboe kitu. Ndege inakaa chini, vipimo vya ufa vinatumwa kwa mtengenezaji, unangoja jibu la maandishi. Mara nyingi jibu ni kubadilisha.