Mtaa wenye watu au kiwanja chenye nafasi: mtoto wa mwaka mmoja na nusu akulie wapi?

MamaTandale (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo ya watu wanaofahamu masuala ya malezi na makuzi, hasa walimu wa awali, wahudumu wa afya na wazazi waliokwisha kupitia jambo hili.

Tunaishi Tandale, Dar es Salaam, katika nyumba ya wapangaji. Tuna vyumba viwili, na choo na bomba tunatumia pamoja na familia nyingine. Mtoto wetu ana mwaka mmoja na nusu. Mchana anakaa na bibi yake mzaa baba, ambaye anaishi mtaa wa pili, na muda mwingi yuko uani pamoja na watoto wa wapangaji wenzetu, akibebwa na huyu na kuzungumzishwa na yule. Ameanza kusema maneno mapema kuliko nilivyotarajia.

Pamoja na hayo, mazingira yenyewe yananitia hofu. Masika yakikolea, maji machafu huingia hadi barazani. Mtoto amekuwa akiharisha mara kwa mara tangu alipoanza kutambaa. Na mwisho wa juma muziki wa shughuli za mtaani hauzimwi hadi alfajiri. Mume wangu amenunua kiwanja Chanika, pembezoni mwa jiji, na anataka tuhamie huko kabla ya mwaka kwisha. Huko kuna hewa safi na nafasi ya kukimbia, lakini majirani ni wachache, bibi hatahama, na sisi sote wawili tunafanya kazi Kariakoo. Ninachotaka kuelewa ni hiki: katika umri huu, ni kitu gani hasa katika mtaa kinachomjenga mtoto au kumrudisha nyuma, na kipi kati ya hivyo mzazi anaweza kukifidia mwenyewe?

Mwalimu wa Awali, Mbagala

Dada, nashukuru umeliuliza swali hili sasa, kwa sababu wazazi wengi huniuliza jambo hilohilo siku wanapokuja kumwandikisha mtoto wa miaka mitano, wakati sehemu kubwa ya ujenzi wa ubongo imekwisha kufanyika.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaotaja mambo matano ambayo mtoto mdogo anayahitaji kwa pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio, yaani kuwa na mlezi anayezisoma ishara za mtoto na kumjibu. Mambo hayo ndiyo yaliyowekwa katika programu ya taifa letu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 na inayomhusu mtoto hadi afikapo miaka minane. Ukiyapima makazi yako kwa mambo hayo, utaona kwamba Tandale inampa mwanao malezi yenye mwitikio na fursa za kujifunza kwa wingi, na kwamba upungufu wake uko kwenye afya na usalama. Chanika kwa hali uliyoieleza ni kinyume chake.

Usiudharau ule ua wenu. Kingston, Jamaika, kati ya mwaka 1986 na 1987, watafiti walianza kuwafuatilia watoto 129 waliodumaa, yaani wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, wenye umri wa miezi tisa hadi ishirini na minne. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii kila wiki kwa muda wa miaka miwili, naye alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa kutumia vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka ishirini baadaye, waliopata ziara hizo walikuwa na kipato kinachozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakuzipata. Saa moja ya mazungumzo kwa wiki ilifanya kazi hiyo, na mtoto wako anayapata mazungumzo mchana kutwa.

Sasa ifikirie safari. Anayeishi Chanika na kufanya kazi Kariakoo hutoka nyumbani alfajiri, mtoto angali amelala, na mara nyingi hurudi akiwa amekwisha kulala tena. Atakayebaki naye ni dada wa kazi, pengine binti mdogo aliyetoka mkoani juzi, asiye na jirani wa kumwita mtoto akipata homa wala mtu mzima wa kumwelekeza. Mimi ninawapokea darasani watoto waliolelewa hivyo katika nyumba nzuri zenye geti, na wako wanaofika wakiwa na msamiati mdogo kuliko watoto wa uswahilini waliolelewa na nyumba nzima. Nafasi ya kukimbia ni nzuri, lakini mtu wa kumjibu mtoto anapoonyesha kidole na kuuliza ni jambo ambalo mimi ningelitanguliza.

Mkaazi wa Mikindani

Salamu kutoka Mombasa. Naafikiana na mwalimu, ila kuna madhara ambayo mapenzi ya bibi na ujirani mwema haviwezi kuyazuia, na ningependa mama ayachunguze kabla ya kuamua kubaki au kuhama.

Hapa kwetu kuna mtaa uitwao Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilianzishwa kando yake kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi, kikiwa kimepakana na nyumba za watu, na moshi na maji yake vikawa vinaingia humo humo mlimokuwa na watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini, na hapo ndipo alipoanza kuwaunganisha wakaazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Nayaeleza haya kwa sababu waliokuwa hatarini zaidi walikuwa watoto wa umri wa mwanao. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, naye ndiye anayekaa sakafuni na kutia vidole kinywani. Sumu hiyo hupunguza uwezo wa akili na umakini, na madhara yake kwenye ubongo hayarudishwi nyuma kwa dawa. Wazazi wa Owino Uhuru walikuwa na ujirani, walisaidiana, waliwapenda watoto wao. Kosa lilikuwa la walioruhusu kiwanda kile mahali pale. Kwa hiyo, mama, zunguka kote kuwili, Tandale na Chanika, uulize palipo na gereji za betri, wachomaji wa vyuma chakavu au jalala linalochomwa moto. Mkilikuta jambo hilo, pelekeni malalamiko kwa mamlaka mkiwa wengi, kwani familia moja hailimalizi.

Afisa Lishe Mstaafu, Njombe

Binti yangu, mimi nitashughulika na kuharisha tu, maana wachangiaji wamelipita haraka.

Watu hudhani udumavu ni ukosefu wa chakula. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi. Iringa walikuwa zaidi ya nusu. Katika miaka yangu ya kazi niliona sababu kwa macho: mama yuko shambani tangu asubuhi hadi jioni, mtoto ameachwa na ndugu yake mdogo, uji wa mahindi matupu umepikwa mara moja kwa siku nzima. Ghala limejaa, lakini mama hana muda wala mtu wa kumpokea kazi. Hayo nayo ni mazingira ya kijamii, na ndiyo yaliyo magumu kuyabadilisha kwa semina ya lishe.

Kwa upande wako, mtoto anayeharisha kila mara hafaidi vizuri anachokula, kwa kuwa utumbo haupati nafasi ya kupona kabla vimelea vingine havijaingia. Jambo hili mnaweza kulipunguza mkiwa hapo hapo Tandale: maji ya kunywa yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha, na awe na mkeka wake unaofuliwa, usiochanganywa na kapeti la viatu. Kliniki mwombe mhudumu ampime urefu pamoja na uzito, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na uzito wa kuridhisha huku urefu umesimama.

Jirani wa Ukumbi

Kuhusu muziki wa usiku, nina neno fupi. Mwaka 1973 ulichapishwa utafiti wa watoto waliokuwa wakiishi katika majengo marefu yaliyojengwa juu ya barabara kuu jijini New York. Wale wa ghorofa za chini, palipokuwa na kelele nyingi zaidi, walipata shida zaidi ya kutofautisha sauti za maneno na ya kusoma kuliko wale wa ghorofa za juu. Mhamishieni mtoto chumba kilicho mbali na upande wa muziki, na suala la saa za kuzima spika lifikisheni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiwa na majirani wenye watoto wadogo.

MamaTandale (mleta mada)

Nawashukuru sana nyote. Shikamoo mzee wetu wa Njombe, nitauomba huo upimaji wa urefu. Je, kuna mahali ambapo familia zilizohama zimelinganishwa na zile zilizobaki, ili tujue kuhama kwenyewe kuna faida gani?

Mchumi wa Makazi

Ndiyo, dada. Kuanzia mwaka 1994 serikali ya Marekani ilizipigia kura ya bahati nasibu familia maskini zipatazo 4,600 katika miji ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, na baadhi yao zikapewa msaada wa kodi uliowawezesha kupanga katika mitaa yenye umaskini mdogo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuja kupata, walipokuwa na umri wa miaka ya ishirini na kitu, kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, na baadhi waliyumba kidogo.

Mumeo anaweza kuutumia utafiti huu kutetea Chanika, lakini usisomwe nusu. Familia zile zilihamia katika mitaa iliyokwisha kukamilika, yenye shule, maji, taa na watu. Kiwanja kisicho na majirani wala zahanati ya karibu ni jambo jingine kabisa, hata kama hewa yake ni safi.

Ninaona pana njia ya tatu ambayo hamjaitaja. Tafuteni nyumba ya kupanga Sinza au Kijitonyama, sehemu isiyofikiwa na maji ya masika, hata ikibidi kiwe chumba kimoja badala ya viwili, ili bibi aendelee kuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Kiwanja hakiozi, kijengeni polepole. Wakati huo mwombe mumeo aulize ofisi ya mtaa wa huko kama bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, limefika, zahanati iko umbali gani, na kama kipo kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kilichosajiliwa na Ustawi wa Jamii. Majibu ya maswali hayo matatu yawaamulie mwaka wa kuhama.