Mnaosema Superman "kaingizwa siasa", mmesoma enzi ipi?

Wakuu, salaam. Nimenyamaza vya kutosha, leo natoa dukuduku langu.

Kila ukifunguliwa uzi wa Superman, hasa tangu filamu ya 2025 itoke, haipiti nusu saa anajitokeza mtu kusema huyu wa sasa kaharibiwa, kaingizwa siasa, anajitia kwenye vita vya nchi za watu, eti Superman "halisi" alikuwa wa kupigana na maroboti na kuokoa watu kwenye ajali basi. Watu wanamshangilia. Ukimuuliza huyo halisi ni wa mwaka gani, hajibu. Inaniuma, maana historia ya huyu shujaa imechapishwa, ipo, inasomeka.

Superman katoka kwa mara ya kwanza mwaka 1938, kwenye jarida la hadithi za katuni la Action Comics, toleo namba 1. Waliomtunga ni vijana wawili wa Cleveland, Marekani, mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, kipindi ambacho mdororo wa uchumi ulikuwa umewapiga Wamarekani vibaya sana. Kasomeni toleo lenyewe, hadithi yake ina kurasa 13 tu. Anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa kwa kosa ambalo si lake. Anamkuta mwanamume anampiga mkewe, anamtupa ukutani. Anakwenda Washington kumfuatilia seneta aliyekubali kuwekwa mfukoni. Toleo la 2 anamfikia mtu aliyekuwa nyuma ya ule mchezo, mwenye kiwanda cha silaha aitwaye Emil Norvell, anamlazimisha kwenda San Monte ambako vita vinapiganwa, avae magwanda, aonje mwenyewe kile anachouza. Halafu anawachukua makamanda wa pande mbili na kuwaambia wapigane wao kwa wao wamalize. Hawana hata ugomvi! Anawaeleza kuwa watu wao wanakufa ili mauzo ya silaha yapande.

Hiyo ni 1938. Mwaka wa kwanza, toleo la pili. Sasa huyo aliyeingiza siasa mwaka 2025 kaingiza nini ambacho hakikuwemo?

Na hapo sijafika toleo la 8, la Januari 1939. Superman anaona vijana wa mitaa ya makazi duni wanaingia kwenye uhalifu, anakubali kwamba mazingira waliyolelewa ndiyo yanayowapoteza. Anasoma gazetini kuwa mji uliopigwa na kimbunga umejengewa nyumba mpya na serikali. Basi anawatoa wakazi, anageuka yeye mwenyewe kimbunga, anabomoa mtaa mzima kwa mikono. Serikali inaleta ndege zimdondoshee mabomu, na mabomu yanamsaidia kubomoa. Mwishoni yanajengwa maghorofa ya kisasa. Mtu anayesoma hilo kisha akasema Superman hakuwa na siasa, mimi sijui nimwambie nini.

Mfano unaonikera zaidi ni huu, na naomba muutie maanani. Toleo la 12, la Mei 1939, Superman anatangaza vita na madereva wazembe. Anavunja kiwanda cha magari kwa sababu kinatumia vyuma hafifu kupata faida, halafu anamchukua meya wa jiji, ambaye naye anapuuza sheria za barabarani, anampeleka mochwari akaone maiti za watu waliouawa na magari. Kwa nguvu, meya hataki. Sasa njooni 1986. Mwandishi na mchoraji John Byrne anaandika upya maisha yote ya Superman katika matoleo sita ya The Man of Steel, na katika la nne meya wa Metropolis, jiji la Superman, anamwapisha kuwa askari maalumu ili amkamate Lex Luthor, adui wake mkuu. Mmeona tofauti? Yule wa kwanza anamburuta meya kumwonyesha maiti, huyu wa pili anapokea kiapo kwa meya. Na hata hivyo Byrne simlaumu kwa kila kitu: enzi yake ndiyo iliyomfanya Luthor kuwa tajiri mwenye kampuni anayetembea kifua mbele mjini, kumbe adui wa 1938, tajiri wa aina ya Norvell, amerudi. Ila shujaa wa kumkabili akawa amefungwa mikono.

Mabadiliko hayakuanza na Byrne. Mwaka 1940 mhariri Whitney Ellsworth alishamwekea Superman masharti ya tabia. Miaka ya 50 na 60, chini ya mhariri Mort Weisinger, nguvu zikapanda hadi anasukuma sayari, wakati yule wa 1938 alikuwa anaruka tu, robo maili haifiki, na kombora likilipuka lingeweza kumjeruhi. Adui akawa kryptonite, jiwe linalommaliza nguvu, na vituko vya mwandishi wa habari Lois Lane kutafuta siri yake. Sisemi enzi hiyo ni takataka. Nyuso za mchoraji Curt Swan hakuna aliyezichora kwa utu ule. Na Siegel, aliyerudi kuandika, mwaka 1961 alitoa hadithi ambamo Luthor anajifanya ametubu, anapata tiba ya saratani, anaaminiwa, kisha anamuua Superman. Ile inauma kwa sababu Superman anakufa kwa kumwamini mtu. Kifo cha 1992 mlichonunua kwa mamilioni ni dude linaitwa Doomsday linapigana naye barabarani hadi wote wanaanguka. Picha kubwa ukurasa kwa ukurasa, nguvu kwa nguvu. Mnachokiita enzi ya dhahabu ni hicho?

Halafu 2011 mwandishi Grant Morrison alipomrudisha akiwa na fulana na jinzi, akimshikilia tajiri mla rushwa juu ya jiji mpaka akiri makosa, watu wakapiga kelele "huyu si Superman". Mmoja wa Superman waliofanana zaidi na yule wa kwanza, ndiye mkamkataa! Mkabaki kubishania ile chupi nyekundu ya vazi lake la zamani imekwenda wapi.

Siegel na Shuster walilipwa dola 130 kwa kuuza haki ya Superman, wakahangaika hadi 1975 ndipo kampuni inayommiliki Superman ikakubali kuwapa malipo ya kila mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi. Wamenyang'anywa shujaa mara moja. Leo nyinyi mnawanyang'anya na maana yake.

Anayebisha karibu, ila aje na namba ya toleo na mwaka. Habari za nani atampiga Goku, yule shujaa wa katuni za Kijapani, fungulieni uzi wenu.